Kurithi mjane si kumzalia marehemu: nani alikuwa baba wa Tuoba Gui?

Habari za Tuoba Gui, yule Mxianbei (mtu wa kabila la nyika za kaskazini mwa China) aliyeufufua utawala wa ukoo wake wa Tuoba mwaka 386 na kuweka msingi wa dola ya Wei ya Kaskazini, hazisimuliwi muda mrefu kabla mtu hajasema: "Huyu alikuwa mwana wa haramu, mama yake alirithiwa na baba mkwe." Mwingine hudakia kumtetea: ni kweli mama alirithiwa, lakini mtoto wa mjane aliyerithiwa ni wa marehemu, kwa hiyo hakuna cha kubishania. Nimezisikia kauli hizi mbili hadi nimechoka. Anayeshutumu na anayetetea wamekosea mahali pamoja, maana wote wanadhani kurithi mjane ni desturi moja, yenye kanuni moja, popote duniani.

Tuanze na maana yenyewe. Kurithi mjane ni mwanamke aliyefiwa kuolewa na mtu wa ukoo wa mumewe, aghalabu shemeji yake, na katika baadhi ya jamii hata mtoto wa kambo. Ni ndoa, na wenye desturi yao wanaitambua kuwa ndoa. Kwa hiyo neno "haramu" halina nafasi hapa, ila kwa mtu anayewahukumu watu wa nyika za Asia katika karne ya nne kwa sheria ambayo hawakuwa nayo.

Kazi ipo kwenye swali la watoto. Ziko jamii ambazo mrithi anashika tu nafasi ya marehemu. Watoto atakaowazaa na mjane wataitwa wa marehemu na kurithi mali ya marehemu, naye mrithi atabaki kuwa ami yao. Hiyo ndiyo sheria iliyomo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, ambako mwana wa kwanza hushika jina la ndugu aliyekufa ili lisifutike. Ndivyo ilivyokuwa pia katika desturi ya tero ya Wajaluo. Na kwa kuwa Kiswahili chetu kinaiita tero "kurithi mjane", ni rahisi msomaji wa Kisumu au Musoma kudhani kila anayerithi mjane anamzalia marehemu. Lakini ziko jamii nyingine ambazo mjane anakuwa mke halisi wa mrithi. Watoto waliozaliwa kabla ya kifo ni wa marehemu, na watakaozaliwa baadaye ni wa mume mpya. Marehemu hazaliwi tena.

Watu wa nyika kaskazini mwa China walikuwa wa aina hii ya pili. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Waxiongnu, waliotawala nyika hizo kabla ya Waxianbei. Wang Zhaojun, mwanamke aliyetoka katika jumba la mfalme wa Han, dola iliyotawala China wakati huo, aliozwa kwa mtawala wao Huhanye mwaka 33 KK, akamzalia mwana wa kiume. Huhanye akafa mwaka 31 KK. Zhaojun aliandika kuomba arudi kwao, na mfalme wa Han akamjibu afuate desturi za huko aliko. Akaolewa na mrithi wa kiti, ambaye alikuwa mwana wa Huhanye kwa mke mwingine, na huyo akazaa naye mabinti wawili. Katika kumbukumbu za Wachina, yule mwana anaandikwa kuwa wa Huhanye, na mabinti wanaandikwa kuwa wa mume wa pili. Mama ni mmoja, baba ni wawili, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Sababu ya desturi hiyo aliieleza Zhonghang Yue, towashi wa Kichina aliyehamia upande wa Waxiongnu katika karne ya pili KK. Mjumbe wa Han alipowakejeli Waxiongnu kwa kuwaoa mama zao wa kambo na wake wa ndugu zao, Zhonghang Yue alimjibu kwamba wanafanya hivyo kwa kuchelea ukoo kupotea. Mjane akiondoka, anaondoka na watoto, mifugo, na urafiki wa ukoo aliotoka. Akibaki, vyote vinabaki.

Tuwafikie Waxianbei. Historia ya Han ya Baadaye inasema lugha na desturi zao zilikuwa sawa na za jirani zao Wawuhuan, na kuhusu Wawuhuan inataja jambo ambalo watu hulisoma nusunusu: mwanamume humwoa mama yake wa kambo au mjane wa ndugu yake, na mwanamke huyo akifa hurejea kwa mume wake wa kwanza. Nadhani ndipo utetezi ule ulipozaliwa. Mtu akisoma "hurejea kwa mume wa kwanza" anahitimisha kwamba na watoto wanarejea. Lakini maandishi yanamzungumzia mwanamke, tena baada ya kufa kwake, na hayagusi watoto hata kidogo.

Sasa familia yenyewe. Tuoba Shiyijian alitawala Dai, dola ya ukoo wa Tuoba kabla ya Wei, kuanzia mwaka 338. Mwanawe na mrithi wake, Shi, alimwoa binti wa ukoo wa Helan. Mwaka 371 mtu wa ndani ya baraza alichomoa silaha kuelekea kiti cha mfalme. Shi akamkabili kwa mikono, akachomwa ubavuni, na mwezi wa tano akafa kwa jeraha hilo. Mwezi wa saba mjane wake alijifungua Gui. Haya yamo katika Kitabu cha Wei, historia iliyokamilishwa na Wei Shou mwaka 554, na kitabu hicho hakikubana maneno kuhusu kuzaliwa huko. Kinasema mtoto alikuwa na uzito mara mbili ya mtoto wa kawaida, na kwamba pale walipolifukia kondo lake la nyuma, mwaka uliofuata uliota mti aina ya elmi, hata baadaye pakawa msitu. Shiyijian alifurahi, akatangaza msamaha kwa wafungwa na kuwapelekea habari wahenga. Mjukuu amepatikana.

Hapo naomba tutulie tuhesabu miezi. Ikiwa Shi alikufa mwezi wa tano na Gui akazaliwa mwezi wa saba, mimba ilitungwa Shi akiwa hai na mkewe akiwa bado si mjane. Basi hata kama binti wa Helan alirithiwa siku chache baadaye na mtu yeyote, Gui ni mwana wa Shi kwa kanuni ya Torati na ni mwana wa Shi kwa kanuni ya nyika. Kurithiwa kwa mama hakubadilishi neno juu yake. Anayesema Gui alipatikana kwa sababu mama alirithiwa amegeuza mpangilio wa matukio.

Mbona basi ubishi upo? Kwa sababu mama huyo alikuwa na mtoto mwingine.

Kitabu cha Wei chenyewe, kikieleza maisha ya binti wa Helan, kinasema mwanawe mdogo, Gu, alitumwa kama mjumbe kwa Murong Chui, mtawala wa dola jirani ya Yan, akazuiliwa asirudi. Mama akaugua kwa kumuwaza, akafa mwaka 396 akiwa na miaka 46 kwa hesabu yao. Gu ni mdogo wa Gui. Shi alikufa kabla Gui hajazaliwa. Nani alimzaa Gu?

Sehemu nyingine ya kitabu hichohicho inamworodhesha Gu miongoni mwa wana wa Han, ndugu yake Shi (hapa Han ni jina la mtu, si ile dola). Ni jibu safi kabisa, shemeji amerithi mjane na mtoto akawa wake, hadi unaposoma habari za Han mwenyewe. Imeandikwa kwamba akiwa na miaka kumi na tano aliomba aongoze wapanda farasi vitani, akapewa 2,000, akakua, akashinda vita kadhaa, akafa mwaka wa kumi wa utawala wa baba yake, yaani 347. Shiyijian alizaliwa mwaka 320. Mtu wa miaka ishirini na saba hawezi kuwa amemzika mwana wake wa tatu aliyekwisha kuwa jemadari. Na binti wa Helan, kwa umri waliompa alipokufa, alizaliwa mwaka 351, miaka minne baada ya kifo hicho cha Han. Huenda mnakili aliangusha tarakimu. Huenda pia kuna mtu aliyehitaji kumtafutia Gu baba, akamtwika marehemu asiyeweza kukanusha.

Anayefichwa, wanasema wanahistoria wengi wa leo, ni Shiyijian. Alimchukua mkwewe mjane, akazaa naye Gu, na Gui akalelewa hemani mwake kama mwana. Hilo lingeeleza kwa nini waandishi wa dola za kusini mwa China wanamwita Gui mwana wa Shiyijian moja kwa moja, kama afanyavyo Shen Yue katika Historia ya Song ya mwaka 488. Historia ya Jin, iliyotungwa mwaka 648, inakwenda mbali zaidi. Inasema dola ya Dai ilipoangushwa na Fu Jian, mtawala wa dola ya Qin, mwaka 376, mwana wa Shiyijian alimfunga baba yake kamba akajisalimisha, na Fu Jian akamhamishia mwana huyo Shu, nchi ya kusini-magharibi, kwa kukosa utii kwa mzazi. Na jina inalompa mwana huyo, Yigui, linakaribiana mno na la Gui. Gui alikuwa na umri wa miaka mitano. Kitabu cha Wei kina hadithi tofauti kabisa: Shiyijian aliuawa na mwanawe mwingine, Shijun, na Fu Jian akamwadhibu Shijun kwa kumrarua kwa magari.

Mimi naegemea upande wa miezi. Gui ni mwana wa Shi kwa damu, akawa mtoto wa kambo wa babu yake, na watu wa mbali walioliona hema moja wakaandika baba mmoja. Kuna jambo moja linalonitia moyo. Gui alipokuwa mfalme mkuu, Shi alitukuzwa kwa jina la Mfalme Xianming, na mama naye katika hekalu la wahenga ni Malkia Xianming. Amerejeshwa kwa mume wake wa kwanza baada ya kufa, kama walivyosema Wawuhuan.

Wala hili halikuwa swali la udaku. Mjukuu aliyezaliwa na mrithi mkubwa ana dai ambalo ami zake hawana. Akiwa mwana tu, ni mmoja kati ya ndugu wengi, tena wa chini. Mwaka uleule wa 386 Kuduo, mwana mdogo wa Shiyijian, alikuja na jeshi la kigeni kudai kiti, na makabila yakayumba kiasi kwamba Gui alikimbilia kwa wajomba zake wa Helan, ng'ambo ya milima ya Yin, akaomba msaada wa Murong Chui. Kuduo alishindwa, akakimbilia kwa Liu Weichen, chifu wa Waxiongnu, na huko akauawa. Vizazi viwili baadaye, mwaka 450, waziri Cui Hao aliuawa pamoja na ukoo wake baada ya historia ya dola aliyoisimamia kuchongwa kwenye mawe kando ya njia na kusomwa na kila mpita njia. Wapo wanaoamini kwamba mambo ya hema hili yalikuwa miongoni mwa yaliyochongwa.

Kwa hiyo, ndugu msimulizi, ukifika kwa Tuoba Gui liache lile neno la haramu. Sema kwamba historia ya dola yake inamwita mjukuu wa Shiyijian kwa mwanawe Shi, na historia za kusini zinamwita mwana. Ukitaja kurithiwa kwa mama yake, kutaje unapomzungumzia Gu.