Manga ya Kiingereza haikuanza na vitabu vinene

Wengi hudhani manga, yaani katuni za Kijapani, iliingia kwenye Kiingereza tayari ikiwa vitabu vidogo vinene, vya kusomwa kulia kwenda kushoto kama msahafu. Sivyo. Sura hiyo ilishika soko baada ya 2002, kampuni ya uchapishaji ya Tokyopop ilipoacha kugeuza kurasa kama kwenye kioo.

Mwaka 1987 maduka ya katuni ya Marekani yaliuza matoleo membamba, kwa hiyo manga ilikatwakatwa ilingane nayo. Kampuni ya First Comics ilitoa Lone Wolf and Cub, jalada la kwanza likiwa na mchoro wa Frank Miller, mchoraji katuni wa Marekani. Kampuni za Eclipse na Viz zilitoa Area 88, Mai na Kamui. Na hizo hazikuwa za kila mwezi, zilitoka kila wiki mbili. Mwaka 1988 Epic, tawi la Marvel, ikaleta Akira, ikipakwa rangi kwa kompyuta na Steve Oliff ilhali ya Japani ilikuwa nyeusi na nyeupe.

Ili isomeke kushoto kwenda kulia, ukurasa uligeuzwa kama kwenye kioo. Kazi haikuishia hapo: maandishi ya milio yaliyochorwa ndani ya picha nayo yaligeuka, ikabidi yafutwe na kuchorwa upya kwa mkono. Samurai akawa wa mashoto, upanga nyonga ya kulia. Baya zaidi ni kimono, vazi la Kijapani: upande wa kushoto hukaa juu ya wa kulia, ukiugeuza umemvisha mtu kama maiti. Msomaji wa Marekani hakuliona hilo. Wa Kijapani angeshtuka.