Dakika Moja ya Ukimya Baada ya Msiba: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Msiba mkubwa unapotokea, iwe ni bungeni, uwanjani, shuleni au kazini, hufika wakati ambapo mwongoza shughuli huwaomba waliohudhuria wasimame kwa dakika moja kuwakumbuka marehemu. Watu huinuka, huvua kofia na kuinamisha vichwa, kisha huambiwa wakae na ratiba huendelea. Kwa kuwa jambo hili ni fupi na tumelizoea, wengi hawajapata kujiuliza lilitoka wapi, linamdai nini anayeliongoza, na mipaka yake iko wapi. Hapo ndipo zinapoota dhana ambazo zimelipunguzia uzito tendo lililoanzishwa na watu waliokuwa na majonzi ya kweli.

Dhana: Ni mila ya kale iliyoanzia kanisani, au katika kasri la mfalme wa Uingereza

Ni kweli kwamba kunyamaza katika ibada kuna historia ndefu, na Waquaker, kundi la Kikristo lililoanzia Uingereza, wamekuwa wakiabudu kwa kukaa kimya tangu karne ya 17. Lakini desturi ya watu wa imani mbalimbali kusimamisha shughuli zao kwa pamoja, ili kuwaheshimu waliokufa, ni ya juzi tu katika historia. Tarehe 13 Februari 1912 Seneti ya Ureno ilikaa kimya kwa dakika 10 kwa heshima ya Baron wa Rio Branco, waziri wa mambo ya nje wa Brazil, aliyekuwa amefariki siku 3 kabla. Hicho kilikuwa kimya cha ndani ya ukumbi. Kimya cha mji mzima, kilichorudiwa siku baada ya siku hadi kikawa desturi, kilianzia Afrika, na naona ni haki jambo hilo lisemwe mara nyingi zaidi kuliko linavyosemwa.

Mji wenyewe ni Cape Town. Mwezi Aprili 1918 meya wa mji huo, Harry Hands, alipata habari kwamba mwanawe Reginald amefia Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Diwani mmoja, Robert Brydone, alimshauri kwamba mji usimame kila siku adhuhuri kuwakumbuka walio vitani na waliokufa. Mji tayari ulikuwa na mzinga uliopigwa kila siku saa sita mchana kutoka kilima cha Signal Hill, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kubuni ishara mpya. Tarehe 14 Mei 1918 mzinga ulipolia, magari na watembea kwa miguu katika barabara ya Adderley walisimama pale walipo, na mpiga tarumbeta akapiga wito wa maombolezo kutoka kwenye roshani ya jengo lililotazamana na barabara hiyo. Siku ya kwanza kimya kilidumu dakika 3, ikaonekana ni ndefu mno, na siku iliyofuata zikapunguzwa kuwa 2.

Sir Percy FitzPatrick, Mwafrika Kusini ambaye naye alikuwa amempoteza mwana katika vita hivyo, ndiye aliyeupeleka utaratibu huo London. Kabla yake, mwezi Mei 1919, mwandishi wa habari Mwaustralia, Edward George Honey, alikuwa ameandika gazetini akipendekeza kimya cha dakika 5. Mapema mwezi Novemba 1919 FitzPatrick alimwandikia Lord Milner, waziri wa makoloni wa Uingereza, akieleza alichokishuhudia Cape Town, pendekezo likafika kwa baraza la mawaziri na kwa Mfalme George wa Tano, na tarehe 7 Novemba mfalme akatoa tangazo. Siku 4 baadaye, saa tano kamili asubuhi, Uingereza na makoloni yake yakasimama kwa dakika 2. Kwa hiyo anayesema kwamba Afrika ilipokea desturi hii kutoka London ameupindua mwendo wenyewe wa historia.

Inafaa pia kukumbuka kwamba tangazo lile halikuwa sheria yenye adhabu. Mfalme alieleza tu matumaini yake, na watu wakaitikia kwa sababu karibu kila mtaa ulikuwa na nyumba yenye kiti kisicho na mwenyewe.

Dhana: Lazima iwe dakika moja kamili, na lazima kusiwe na sauti yoyote

Dhana hizi mbili zinaweza kujibiwa pamoja, kwa kuwa zote zinachukulia umbo la tendo kuwa ndilo tendo lenyewe. Urefu wa kimya umekuwa ukipangwa kulingana na msiba unaokumbukwa. Uholanzi hunyamaza dakika 2 kila tarehe 4 Mei saa mbili usiku kuwakumbuka waliokufa vitani. Katika mji wa Oklahoma City, ambako bomu la tarehe 19 Aprili 1995 liliua watu 168, kimya cha kumbukumbu huanza saa 3:02 asubuhi, wakati uleule wa mlipuko, na kudumu sekunde 168, sekunde moja kwa kila aliyeuawa. Waliofiwa katika moto wa jengo la Grenfell jijini London mwaka 2017 huadhimisha kwa sekunde 72 kwa sababu iyo hiyo. Na huko New York, kumbukumbu ya mashambulio ya ndege ya tarehe 11 Septemba 2001 haina kimya kimoja bali sita: saa 2:46 ndege ya kwanza ilipogonga, saa 3:03 ya pili, saa 3:37 ndege ilipogonga Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, saa 3:59 mnara wa kusini ulipoanguka, saa 4:03 ndege iliyoanguka Pennsylvania, na saa 4:28 mnara wa kaskazini. Anayesimama pale asubuhi nzima hupitia upya mpangilio wa msiba kama ulivyotokea, jambo ambalo dakika moja isingeweza kulifanya.

Kuhusu sauti, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa China. Tarehe 19 Mei 2008, wiki moja baada ya tetemeko la ardhi la Sichuan, nchi nzima ilisimama kwa dakika 3 kuanzia saa 8:28 mchana, dakika ileile ambayo ardhi ilitikisika. Watu walisimama kimya, lakini magari yalipiga honi, na treni, meli na ving'ora vya tahadhari vililia kwa pamoja muda wote huo. Nchini Uturuki ving'ora hulia kila tarehe 10 Novemba saa 3:05 asubuhi, saa aliyofariki Atatürk, mwasisi wa jamhuri hiyo, na madereva hushuka na kusimama kando ya magari yao. Huko Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti saa 2:15 asubuhi, wakati bomu la atomiki lilipolipuka mwaka 1945, kengele hugongwa wakati watu wameinamisha vichwa. Kinachonyamazishwa katika matukio yote hayo ni maneno ya watu na pilikapilika zao.

Dhana: Kusimama kimya ni sala, na asiyesimama amewadharau marehemu

Kanuni za Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zinalijibu jambo hili vizuri. Kanuni ya 62 inamtaka rais wa baraza, mwanzoni na mwishoni mwa kila kikao cha mwaka, kuwaalika wajumbe wakae kimya kwa dakika moja kwa ajili ya sala au tafakuri. Neno "au" ndilo lililobeba hekima ya kanuni hiyo: anayesali asali, asiyesali atafakari, na hakuna anayemkagua mwenzake. Kimya cha maombolezo hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, na ndiyo maana watu wa dini mbalimbali na wasio na dini huweza kusimama safu moja.

Hata hivyo, si kila mtu huiona desturi hii kuwa yake. Tarehe 8 Juni 2017 mjini Adelaide, kabla ya mechi kati ya Australia na Saudi Arabia, wachezaji wa Saudi Arabia hawakujipanga kwa ajili ya kuwakumbuka waliouawa katika shambulio la London Bridge siku chache kabla. Lawama zilikuwa kali, ingawa shirikisho la soka la Australia lilieleza kwamba lilikuwa limearifiwa mapema kuwa desturi hiyo haiendani na utamaduni wa wageni wao. Shirikisho la Saudi Arabia liliomba radhi. Baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu hawaikubali desturi hii kwa kuwa haimo katika mafundisho ya kuombea wafu, ilhali katika nchi nyingi zenye Waislamu wengi hufanyika bila mzozo. Kwa maoni yangu, kuupima moyo wa mtu kwa jinsi alivyosimama ni haraka isiyofaa, na anayeandaa shughuli angefanya vyema kuzungumza na wageni wake kabla ya siku yenyewe.

Dhana: Ni jambo rahisi lisilohitaji maandalizi

Dhana hii naiona kuwa yenye madhara kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo inayozaa vile vimya vya kubabaisha ambavyo huwaumiza wafiwa. Mwongoza shughuli anayesema tu "tusimame" bila kuwataja wanaokumbukwa huwaacha nusu ya watu wakiulizana kwa kunong'ona ni msiba upi. Asiyetazama saa hukadiria, na kwa kuwa kunyamaza mbele ya umati huonekana kurefuka, mara nyingi humaliza kabla ya muda. Nao wafiwa walioketi mstari wa mbele, ambao ndio kwanza wameanza kuwaza juu ya ndugu yao, husikia "asanteni, tukae" ikiwakata.

Maandalizi yenyewe hayana gharama. Aseme kwanza ni akina nani wanaokumbukwa na lini walifariki. Aseme kimya kitadumu muda gani na kitamalizika kwa ishara ipi, iwe filimbi, tarumbeta au neno lake mwenyewe. Awaombe watu wazime simu kabla hawajainuka, kwa maana wakisubiri kuambiwa wakiwa wamesimama, sekunde za kwanza zote hupotea katika kupekua mifuko. Aseme "wanaoweza kusimama wasimame", ili mgonjwa, mzee na mtu mwenye ulemavu wasijione wametengwa. Kwa viziwi, ishara ya mwisho iwe ya kuonekana pia, kama mkono ulioinuliwa kisha ukashushwa. Redioni kuna jambo la ziada: vituo vingi huwa na mtambo unaotambua kwamba hewani hakuna sauti na kuanzisha muziki wa akiba wenyewe, hivyo fundi asipouzima kabla ya kimya, wimbo wa furaha unaweza kupasuka katikati ya maombolezo.

Usalama nao ni sehemu ya maandalizi. Tarehe 4 Mei 2010, katika uwanja wa Dam jijini Amsterdam, mtu mmoja alipiga ukelele wakati maelfu ya watu wamenyamaza. Umati ulitaharuki, watu wakakanyagana na makumi wakajeruhiwa, naye Malkia Beatrix akaondolewa kwa muda. Shughuli ilirejea na kukamilishwa baada ya umati kutulizwa na kuelezwa kilichotokea.

Dhana: Tukishasimama kimya, wajibu wetu kwa marehemu umekwisha

Wako pia wanaoamini kinyume chake, kwamba kusimama kimya ni unafiki mtupu. Siku moja baada ya mauaji ya kupigwa risasi mjini Orlando, Marekani, ya Juni 2016, yaliyochukua roho za watu 49, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani aliwaomba wajumbe wanyamaze. Baadhi walitoka ukumbini, na kimya kilipokwisha wengine wakapaza sauti wakidai miswada ya kudhibiti silaha ijadiliwe. Hasira yao ilielekezwa kwa bunge lililorudia tendo hilo msiba baada ya msiba bila kufika kwenye mjadala.

Familia za waliokufa katika uwanja wa mpira wa Hillsborough, Uingereza, zilionyesha kwamba kunyamaza na kudai haki hayagombani. Mashabiki wa Liverpool walipofariki kwa kubanwa uwanjani tarehe 15 Aprili 1989, ndugu zao walikusanyika kila mwaka na kunyamaza saa 9:06 alasiri, dakika ambayo mechi ilisimamishwa. Miaka hiyohiyo walikuwa wakidai mahakamani na bungeni kwamba marehemu wao wasibebeshwe lawama ya vifo vyao. Mwezi Aprili 2016, baada ya miaka 27, baraza la wazee wa mahakama lilitamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.