Mbwa ndani ya Karura: tunayoambizana na yalivyo kweli

"Usiogope, haumi!"

Ukitembea msitu wa Karura, jijini Nairobi, Jumamosi asubuhi, maneno haya utayasikia kabla hujafika kwenye maporomoko. Mbwa ametangulia mbio, mwenyewe yuko hatua 30 nyuma na kamba ameizungusha mkononi, na mama aliyekuja na watoto wawili amesimama katikati ya njia, mdogo kamnyanyua begani. "Usiogope mama, haumi!" Hata mimi nimewahi kuyasema, nikidhani namtuliza mtu.

Huenda kweli mbwa huyo hajawahi kuuma. Lakini aliye mbele yake atajuaje? Na mtoto akitimua mbio huku anapiga mayowe, hata mbwa mpole atamfuata, maana kinachokimbia mbele ya mbwa hufukuzwa. Kisha kuna wenzetu Waislamu. Watu husema dini yao inamchukia mbwa, na hilo si kweli: Kurani inaruhusu kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa kuwinda. Ila katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mtu akikusanya nguo yake na kusogea pembeni, hajakudharau wala hajamdharau mbwa wako. Fupisha kamba, mpishe, msalimie, upite. Kanuni ya Karura ni hiyo hiyo: mbwa anakaribishwa, lakini awe kwenye kamba.

"Msitu ni msitu, nikilipa getini naingia na mbwa wangu"

Karura ni hifadhi ya msitu ya takriban hekta 1,000, na tangu zamani wenye mbwa wamekaribishwa humo. Hifadhi za taifa ni habari nyingine. Ukienda Nairobi National Park, Aberdare au Mlima Kenya, mbwa hataingia hata ukimbeba kwenye kikapu, na kwa jirani Tanzania ni vivyo hivyo. Nimeona watu wakifoka getini kwamba huo ni urasimu tu.

Sio urasimu. Mwaka 1994 virusi vya distempa, hivi hivi ambavyo daktari wa mifugo huwachanja watoto wa mbwa dhidi yake, viliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba, yaani takriban simba 1,000. Watafiti walipofuatilia chanzo, waliwanyooshea kidole mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Hao mbwa hawakuwa wakali wala hawakuwinda simba. Walikuwa mbwa wa kawaida, wasiochanjwa, wanaoishi karibu na wanyamapori. Mimi tangu nijue habari hiyo sijabishana tena na askari yeyote wa getini.

"Mbwa koko ni mgumu, hahitaji chanjo"

Bosco wangu ni mbwa koko. Nilimwokota sokoni akiwa na ukubwa wa kiatu, na majirani wote walinishauri nisipoteze pesa: chanjo ni ya mbwa wa kizungu. Ugumu wa mbwa koko upo, siukatai, lakini haumkingi na kichaa cha mbwa. Virusi vile haviulizi ukoo.

Duniani kote kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, dawa hakuna. Ndiyo maana chanjo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu, na hapa kwetu hurudiwa kila mwaka. Na ukiumwa, au hata ukikwaruzwa, na mbwa usiyemjua, kidonda hicho kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Watu hupuuza kuosha, wakakimbilia kupaka pilipili au majani. Kipande cha sabuni ndani ya mkoba wa matembezi hakina uzito wowote. Changu hukaa pamoja na chupa ya maji.

"Nairobi kuna baridi, na msituni kuna kivuli"

Dhana hii, kwamba mbwa hapa hawezi kuzidiwa na joto, ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Ilikuwa mwezi wa pili, saa nne asubuhi, na tulikuwa tumeshazunguka karibu kilomita nane. Bosco alikuwa mbele kama kawaida yake. Ghafla akaanza kubaki nyuma. Nikadhani ananusa. Nilipogeuka nikamwona amelala tumbo chini kwenye udongo mwekundu, ulimi umetoka mrefu na kupanuka mwishoni kama kijiko, anatweta kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia, na mate yake yamekuwa mazito kama ute wa bamia. Nilimwinua mdomo: fizi zilikuwa nyekundu sana.

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hutoka kidogo tu kwenye nyayo. Kazi kubwa ya kupoza mwili hufanywa na kutweta. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Na joto hilo halitoki juani peke yake. Misuli inayofanya kazi ndiyo huwasha moto, kwa hiyo mbwa mwenye bidii anaweza kuzidiwa hata siku ya mawingu, hasa kama hewa ina unyevu au kama hajazoea safari ndefu. Mbwa wa pua bapa, kama pagi na buldogi, wako hatarini zaidi ya wote kwa sababu njia yao ya hewa ni finyu tangu kuzaliwa.

Ndani ya dhana hiyo kuna nyingine: kwamba maji baridi yatampa mshtuko afe. Mimi niliisikia siku ile ile, kutoka kwa mpita njia mwenye nia njema, aliyenishika mkono nisimwage chupa. Ushauri wa madaktari wa mifugo siku hizi ni kumpoza kwanza, kumsafirisha baadaye: mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, mpepee hewa ipite, kisha ndipo umkimbize kwa daktari. Usimfunike kwa taulo lenye maji ukaliacha, maana linashika joto. Nilimmwagia chupa zote mbili, na mwanamke mmoja mkimbiaji akaongeza ya kwake. Bosco alipona. Sasa tunaingia msituni saa kumi na mbili na nusu, na saa tatu tuko nje.

"Kupe ni wa msituni"

Wapo msituni, ndiyo. Lakini yule kupe wa kahawia ambaye ndiye adui mkubwa wa mbwa wa mjini anaweza kuzaliwa, kukua na kutaga ndani ya nyumba yako bila kuona mti hata mmoja: kwenye nyufa za ukuta, chini ya kitanda cha mbwa. Kwa hiyo dawa ya kupe haipigwi "wiki ya safari" tu.

Tukirudi nyumbani hupitisha vidole kwa Bosco polepole, kinyume na manyoya: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, makwapani, katikati ya vidole. Kupe mdogo ni kama mbegu ya ufuta. Aliyeshiba ni kama punje ya mahindi, wa rangi ya kijivu. Kumchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta ya taa ni kosa, kwani akisumbuliwa anaweza kutapika aliyonayo ndani ya jeraha. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu, moja kwa moja. Kisha mwangalie mbwa wiki zinazofuata. Fizi zikipauka, akikataa chakula, mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, hiyo inaweza kuwa babesia, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, na kila saa ina thamani.

"Mavi ya mbwa ni mbolea"

Ng'ombe hula nyasi za pale pale na kuzirudisha pale pale. Mbwa anakula nyama na chakula cha dukani, kisha anashusha msituni rutuba iliyotoka kwingine. Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, mwaka 2022 walikadiria kuwa mbwa wanaotembezwa kwenye hifadhi za pembezoni mwa mji huo huacha kila mwaka kama kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa hekta moja. Mimea inayozoea udongo wa kiasi husongwa na magugu yanayopenda mbolea. Ongeza minyoo ambayo mayai yake hukaa udongoni miezi mingi, pale pale watoto wanapokaa kula mandazi. Mfuko mmoja, uufunge, utoke nao. Na usiutundike mtini eti utauchukua ukirudi. Mifuko hiyo naihesabu kila wiki.

"Anacheza tu na swala"

Hakuna mchezo. Pongo anayefukuzwa anaweza kutoroka akiwa mzima, kisha akafa baadaye kwa misuli iliyoungua kwa hofu na mbio. Na dume akibanwa hugeuka na pembe, mbwa akapasuliwa tumbo. Hata kamba haimalizi usumbufu wote: karibu na Sydney, Australia, watafiti walitembeza mbwa waliofungwa kamba kwenye njia za msitu na kukuta idadi ya ndege ikipungua kwa asilimia 41. Kwa hiyo mimi na Bosco tunabaki kwenye njia kuu, hatukati vichochoro. Mbega wakiwa juu, wale walioletwa Karura kutoka Kipipiri, Nyandarua, tunasimama. Bosco hukaa, masikio wima, kamba imelegea, mpaka mkia mweupe wa mwisho uvuke upande wa pili.