Shisha ni chombo, tumbaku yake ni muasali

Imekuwa kawaida, barazani na hata arusini, kumsikia mtu akijitetea kwamba yeye havuti tumbaku, anavuta shisha tu, tena ya matunda. Utetezi huo mfupi una makosa mawili, na yote mawili yanatokana na neno moja tuliloliacha Misri tulipokipokea chombo chenyewe. Neno hilo ni muasali.

Muasali ni majani ya tumbaku yaliyokatwakatwa, yakalowekwa katika molasi ya miwa au asali pamoja na gliserini, kisha yakatiwa ladha, hata yakawa kitu chenye unyevu kinachonata vidoleni. Hayawashwi kwa kiberiti, bali hutiwa katika bori, yaani kikombe cha juu cha chombo, yakafunikwa kwa karatasi ya alumini iliyotobolewa, na kaa la moto likawekwa juu yake ili liyaoke polepole. Kuhusu maana, hayo yanatosha.

Jina ndilo lenye mengi. Kwa Kiarabu, muasali ni kitu kilichotiwa asali, na mzizi wake ni uleule uliotupatia neno letu asali, kwa hiyo Mswahili angeweza kulifahamu bila kufungua kamusi. Shisha, kwa upande wake, halihusiani hata kidogo na asali wala tumbaku: ni neno la Kiajemi la kioo, ambalo Waturuki hulitumia mpaka leo kwa maana ya chupa, na ambalo Wamisri walikipa chombo hiki kwa sababu ya chupa yake ya maji. Majina mengine ya shisha nayo ni ya vyombo. Nargile latokana na neno la Kiajemi la nazi, kwa kuwa hapo zamani maji yalitiwa katika kifuu; huka ya Bara Hindi inarudi kwenye neno la Kiarabu la kikasha au kopo. Hata kiko, ambacho leo kila mtu hudhani ni kile cha mkononi tu, katika kamusi za karne ya 19 kilikuwa hasa kibuyu cha maji: bori likiwa juu, digali, bomba lake, likiteremka kuingia majini, shilamu, bomba la kuvutia, ikielekea kinywani, na mbubujiko wa maji ukiitwa malio ya kiko. Wazee waliokuwa na neno hata la mbubujiko (jambo ambalo sichoki kulistaajabia) hawakukosa kutofautisha chombo na kilichomo.

Matunda nayo yasituhadae. Misri kuna muasali uitwao zaghloul, ambao ni tumbaku na molasi bila ladha ya tunda lolote, na huo ni wa zamani kuliko ule wa matunda, ulioenea sana kuanzia miaka ya 1990. Ladha mashuhuri kuliko zote, ile ya tufaha mbili, hunukia zaidi anisi, ambayo ni jamaa wa shamari, kuliko tufaha lenyewe. Ipo kweli michanganyiko isiyo na tumbaku, iliyotengenezwa kwa makapi ya miwa au majani ya chai, na pakiti zake husema hivyo waziwazi. Lakini hata hiyo huokwa kwa makaa yaleyale, na makaa hutoa hewa yenye sumu ya kaboni monoksaidi bila kujali kilichomo borini.

Simkatazi mtu kusema kwamba amevuta shisha. Neno limekwisha kukaa, na hata marufuku ya Kenya ya Desemba 2017 ilitolewa kwa jina hilo. Ila yule anayesema kwamba shisha yake si tumbaku, naomba aigeuze pakiti na kumwomba yeyote aliyepita chuo cha Kurani amsomee herufi za Kiarabu zilizoandikwa juu yake. Zikisomeka muasali, na pakiti isiseme kwamba haina tumbaku, basi, ndugu yangu, ni tumbaku, na asali iliyotajwa humo pengine ni molasi tu.