Sebule yenye watoto kumi na mmoja: kwa wanaokaa na watoto wa wenzao nyumbani

Baridi ikishatua Mbeya, kuanzia Juni hivi, malalamiko yanayoletwa kwetu ofisi ya ustawi wa jamii huwa yanafanana. Mzazi anasema mtoto karudi kutoka kwa mama wa mtaani anayelipwa kukaa naye mchana akiwa amelegea, hata kunyonya hataki. Jirani anasema nyumba ile ina watoto wengi na mlango unafungwa tangu asubuhi. Baba mmoja alikuja kudai arudishiwe hela ya mwezi mzima kwa sababu mwanawe alikataliwa siku ya tatu, baada ya kuanguka kifafa. La hela nilimwelekeza kwa mwenyekiti wa mtaa wakakae walimalize. La kukataliwa ni la kwetu, na nitalirudia.

Tuelewane kwanza: hatuna vita na akina mama hawa. Mama anayetakiwa kuwa sokoni Mwanjelwa saa kumi na moja alfajiri kupokea ndizi za Tukuyu hawezi kumweka mtoto wa mwaka mmoja na nusu juu ya matenga. Dada wa kazi kaondoka Pasaka hajarudi. Bibi yuko Rungwe na ana ng'ombe wake. Asingekuwepo mama wa mtaa wa pili mwenye sebule na moyo, biashara ingelala. Tunalijua hilo, na wengine hapa ofisini tumelelewa hivyo hivyo.

Kinachonichosha ni sentensi moja ninayoisikia kila nikibisha hodi: "Mimi sina kituo, nawasaidia majirani tu." Bibi anayekaa na wajukuu zake hatumgusi. Shangazi aliyeachiwa mtoto siku wazazi wameenda msibani hatumgusi. Lakini ukipokea watoto wa watu kila siku ya kazi, kwa malipo, iwe elfu moja kwa siku au debe la mahindi mwisho wa mwezi, hapo unaendesha huduma ya kulea watoto mchana. Isiposajiliwa tunaiita kituo bubu, hata kama nje hakuna kibao wala ukutani hakuna katuni. Na hizo katuni, jamani! Nimeingia vituo vilivyopakwa rangi kila pembe, bembea mbili uwanjani, halafu choo ni tundu la watu wazima ambalo mtoto wa miaka miwili anapita mzima mzima. Anzeni na choo.

Julai mwaka jana nilifika kwa bibi mmoja, kata siitaji. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pita upesi, usituingizie baridi."

Ndani niliwahesabu watoto kumi na mmoja. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya sebule, limezungushiwa mabenchi ili asilisogelee mtu. Dirisha lilizibwa kwa kipande cha blanketi. Kwa macho yake bibi alikuwa amefanya kila kitu sawasawa: watoto wote wana sweta na soksi, hakuna anayelia. Hilo la kutolia ndilo lililonishtua. Saa tatu asubuhi watoto kumi na mmoja hawawi kimya vile.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haihitaji moshi ili iwepo. Ule mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, ambao watu wanauita "safi", ndio huo huo unaoitoa. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu mzima ataumwa kichwa, atasikia kichefuchefu, atatoka nje. Mtoto mchanga atalala, na wewe utashukuru kwamba leo katulia. Jiko libaki jikoni au barazani. Watoto wapashwe joto kwa nguo, uji wa moto na kukaa juani ukuta wa mashariki. Ukikuta mtoto amelegea kwenye chumba chenye jiko, mtoe nje kwenye hewa kwanza, kisha hospitali, na useme wazi kwamba kulikuwa na mkaa ndani. Usikae kumpepea.

Na kwa kuwa tumegusa usingizi: dawa ya maji ya mafua si ya kulazia watoto. Tunazikuta chupa nyuma ya televisheni, zina kijiko chake, na anayezitumia haoni haya kusema "inawasaidia kupumzika". Hii sina upole nayo. Mtoto asipewe dawa yoyote ambayo mzazi wake hakuileta, ikiwa na jina lake na kipimo kilichoandikwa na mhudumu wa afya.

Pale kwa bibi kulikuwa na wa kumi na mmoja, nyuma ya kochi, kwenye godoro dogo. Ana miaka mitatu na mtindio wa ubongo, ulemavu wa ubongo unaovuruga misuli na mwendo wa mwili. Msichana wa kazi alikuwa anamnywesha uji akiwa amelala chali, kikombe mdomoni, na mtoto anakohoa kila baada ya mafunda mawili. "Huyu ndiye mgonjwa wetu," bibi akasema, kwa upendo kabisa. Alikuwa amempokea baada ya watu watatu kumkataa, na kwa mama yake alikuwa hachukui hela.

Mtoto huyo si mgonjwa, ana ulemavu. Nasisitiza tofauti hiyo kwa sababu mgonjwa mnamlaza, na huyu hatakiwi kulazwa. Mtoto mwenye mtindio anapolishwa akae mgongo umenyooka, mapajani mwa anayemlisha au kwenye kiti chenye mito pembeni, kichwa kimeinamia mbele kidogo, kamwe kisiegemezwe nyuma. Uji uwe mzito wa kushikika kwenye kijiko kidogo. Mpe, subiri ameze, angalia mdomo umekwisha, ndipo umpe kingine. Inachukua nusu saa, wakati mwingine zaidi. Akinyweshwa chali, uji unaingia njia ya hewa, na ile nimonia inayomrudia kila mwezi, ambayo mtaani wanasema karogwa, mara nyingi imeanzia kwenye kikombe. Siku zake za mazoezi hospitalini zisikatizwe. Kama mama hawezi kumpeleka kila mara, mlezi aende naye hata mara moja, aone wataalamu wa fiziotherapia, wale wa mazoezi ya viungo, wanavyomkalisha, aje afanye hivyo hivyo nyumbani.

Kifafa sasa. Hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mate, si kwa kushea kikombe, na tafadhali msinilete tena hoja ya povu kwenye mkutano wa mtaa. Mtoto akianguka, sogeza vitu vigumu, legeza nguo shingoni, mgeuze ubavu, utazame saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimkandamize. Ikivuka dakika tano, au akirudia kabla hajazinduka, kimbia hospitali. Dawa zake apewe saa ile ile kila siku. Kuruka dozi kwa sababu "wiki hii hajaanguka" ndiyo njia ya kumwangusha. Huyo wa yule baba aliyedai hela, mama mlezi alikuwa hajaambiwa kitu. Wazazi walificha wakiogopa atakataliwa, akaanguka, akakataliwa. Kwa hiyo mzazi, sema. Kadi ya kliniki ionyeshwe siku ya kwanza, na kama mtoto ana usonji na sauti kubwa zinamvuruga, au hasikii, au ana ualbino na lazima avae kofia na mikono mirefu hata jua la baridi, yote yaandikwe.

Sheria ya Mtoto inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna ya kumvunjia utu. Kumfungia chumba cha nyuma wageni wasimwone kunaingia humo. Kumkataa mlangoni kwa sababu wazazi wengine wanachukia kumwona nako kutakuletea mimi. Ukisema kwa ukweli kwamba una watoto wengi na huna mikono ya kumlisha nusu saa, nitakusikiliza, na tutatafuta nani mwenye nafasi.

Chakula sitakikalia sana, maofisa lishe wanakisema vizuri kuliko mimi. Ila utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Iringa karibu asilimia 57 na Njombe karibu nusu. Mikoa hii ndiyo inayolisha wengine mahindi, maharage na viazi. Mtoto anayeshinda kwako kwa muda wa saa kumi na kikombe kimoja tu cha uji mwepesi yumo kwenye hesabu hiyo.

Usajili. Niulizeni polepole, maana hapa ndipo uvumi ulipo mwingi. Si wa TRA, watu wa kodi, na mimi sikagui mapato ya mtu. Anzia serikali ya mtaa: unaomba kutambuliwa, kikao kinakaa, unapewa muhtasari wenye majina na sahihi za wajumbe na mhuri. Bila mhuri ni karatasi tu. Unapita kwa mtendaji wa kata. Afisa afya anakuja kuangalia choo, maji, jiko, mahali pa kulala watoto, na anaandika taarifa yake. Usimfuate baa kuiomba, aje nyumbani aone. Barua ya maombi inaandikwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, kupitia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Siyo kwangu, siyo kwa diwani. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha, vyeti vya anayelea, na mkataba wa pango kama nyumba si yako. Wengi wanasahau mkataba, na mwenye nyumba anagundua siku ya ukaguzi kwamba sebule yake imekuwa dei kea. Kisha ofisa ustawi anakagua, maoni yanapanda juu. Huku unasubiri, usiongeze watoto.

Upande wa adhabu: kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 kinakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili, na marekebisho yoyote ya tabia yazingatie umri na hali yake ya mwili na akili. Kumchapa wa miaka miwili kwa kujikojolea hakuna kifungu kitakachokutetea. Kifungu cha 14 kinataja faini isiyozidi shilingi 5,000,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu cha 95 kinamtaka yeyote mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki aitoe kwa serikali za mitaa, kwa hiyo jirani anayetuambia si mmbeya. Kama unaogopa kuonekana ofisini, piga 116, ni bure. Kama ni kupigwa au kunajisiwa, nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto polisi na mtoto asiogeshwe kwanza.

Kitu cha mwisho ni daftari. Kaunta buku ya kawaida inatosha: jina la mtoto, saa aliyofika, amekuja na hali gani, nani kamleta, namba za watu wawili, nani anaruhusiwa kumchukua. Bodaboda asiyeandikwa hachukui mtoto hata kama ana sweta la mama yake mkononi.

Yule bibi niliporudi mwezi wa tisa alikuwa amebaki na saba, blanketi limetoka dirishani, na wa nyuma ya kochi alikuwa amekaa kwenye beseni la plastiki lililojazwa nguo pembeni, anatazama wenzake wakigombea kifuniko cha sufuria. Alinipa bahasha ya maombi. Muhtasari haukuwa na mhuri. Nikamrudishia. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, hajafurahi hata kidogo. Alhamisi akaja nao, mhuri umegongwa mara tatu.