Je, wajua kwa nini watoto wa Waayalandi wa Chicago hupiga tuni za mababu zao bila noti za muziki zilizoandikwa?

Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliwatoa Waayalandi wengi kwao, na sehemu kubwa yao wakatua Marekani. Leo wapo watoto wa Chicago na New York ambao hawajawahi kuiona Ayalandi, lakini wanapiga kwa fidla tuni za huko bila karatasi mbele yao.

Siri ya kwanza ni umbo la tuni. Nyingi zina sehemu mbili tu, kila moja ya vipimo 8 (kipimo ni kipande kifupi cha mapigo machache), na kila sehemu hupigwa mara mbili: jumla vipimo 32. Kurudia huko kuna kazi, maana mcheza dansi hufanya hatua zake akianza na mguu wa kulia kwa vipimo 8, halafu huzirudia zilezile akianza na wa kushoto. Mpigaji akisahau kurudia, miguu humuumbua palepale. Ndiyo maana familia yenye mpigaji na mcheza dansi chini ya paa moja haihitaji msahihishaji mwingine.

Mtoto hufundishwa kwa sikio. Mkubwa hupiga vipimo viwili, mtoto anaviiga. Kisha viwili vingine, halafu vinaungwa kuwa vinne. Wengi humtaka kwanza aimbe tuni kwa mdomo, kwa silabi zisizo na maana. Asiyeweza kuiimba bado hajaijua, hata vidole viende mbio namna gani.

Je, kitabu hakitoshi? Vitabu vipo. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork, Ayalandi, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905, alikusanya tuni za wahamiaji wenzake na mwaka 1903 akachapisha 1,850. Kazi ya kuziandika kwa noti aliifanya zaidi James O'Neill, mpiga fidla na polisi mwenzake. Lakini karatasi ina mipaka. Katika jigi, aina ya tuni ya dansi, noti huandikwa tatu-tatu zenye urefu sawa, ilhali mpigaji mzoefu huivuta kidogo ya kwanza na kuifupisha ya pili. Anayezipiga sawasawa kama zilivyoandikwa hajakosea noti hata moja, ila dansi haikai sawa. Mapambo nayo, kama kugusa upesi noti ya juu kisha ya chini ya ile unayoishikilia, mara nyingi hayaandikwi kabisa.

Santuri ndizo zilizobeba hayo. Michael Coleman, mpiga fidla kutoka Sligo, Ayalandi, alihamia Marekani mwaka 1914 na kuanza kurekodi New York mwaka 1921. Upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu. Santuri hizo zilivuka bahari kurudi Ayalandi, na wapiga fidla wa huko wakaanza kumwiga mhamiaji! Kanda za kinasa sauti zilipokuja, wanafunzi walizicheza kwa nusu ya mwendo: sauti hushuka oktava nzima, yaani hadi noti zilezile za chini zaidi, noti zikabaki zilezile, na vidole vikapata muda wa kufuata.