Kisu Kinachopata: Dhana Potofu Kuhusu Chuma na Makali

Asubuhi moja kwenye soko la samaki la Mji wa Kale, dada mmoja alifungua kitambaa akatoa kisu cha Kijapani alicholetewa na kaka yake kutoka Dubai. Alitaka nguru wake akatwe kwa kisu hicho, vipande vitoke vyembamba. Mkataji akakijaribu kwenye ngozi, kikateleza. Akajaribu tena. "Mwanangu, kisu chako hakipati," akamwambia kwa upole, akakirudisha na kuchukua chake, kilichofuliwa kwa springi ya gari na kuzungushiwa mpira wa tyubu kwenye mpini. Akashuka nacho mara moja hadi mfupani.

Yule dada akanigeukia: "Kwa hiyo kaka yangu kauziwa chuma bandia?"

Hakuuziwa bandia. Nanoa visu vya wapishi wa harusi mjini Mombasa, na swali lake nalisikia karibu kila wiki, kwa maneno tofauti. Nyuma yake kuna dhana kadhaa ambazo zinawagharimu watu pesa, na zingine zinaua visu vizuri.

"Makali yanatoka kwenye chuma"

Makali ni umbo. Ni pale pande mbili za bapa zinapokutana, na kadiri makutano hayo yanavyokuwa membamba ndivyo kisu kinavyopata. Kwenye kisu kilichonolewa vizuri, ukingo huo ni mwembamba kuliko maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa kama maikroni 70. Karibu chuma chochote kilichotiwa matiko sawasawa, yaani kilichopashwa moto kisha kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu, kinaweza kufikishwa hapo, mradi jiwe liwe zuri na mkono utulie. Springi ya gari haina siri yoyote: ni chuma chenye kaboni ya kama asilimia 0.6, na kikinolewa kinanyoa nywele za mkono. Wazee waliposema kinolewacho hupata, hawakutaja aina ya chuma.

Kisu cha Dubai kilikuwa butu kwa sababu mwenyewe alikuwa akikatia vitunguu kwenye kaunta ya marumaru, tena hajakinoa tangu kifike. Aliamini chuma bora hakihitaji.

"Basi chuma si kitu, kunoa ndiko kila kitu"

Hapa ndipo wanaoikimbia dhana ya kwanza wanapoangukia. Chuma hakikupi makali, lakini ndicho kinachoamua makali yatakaa muda gani, na ukingo unaweza kuwa mwembamba kiasi gani kabla haujakunjika au kumeguka.

Visu vingi vya jikoni vya Kijerumani vina ugumu wa kati ya 54 na 58 kwenye kipimo cha Rockwell. Vya Kijapani mara nyingi ni 60 na zaidi. Chuma laini ukikinoa kwa pembe nyembamba mno, ukingo unalala ubavu baada ya kukata nyanya chache. Chuma kigumu kinastahimili nyuzi 15 kila upande, hata chini ya hapo, lakini ukikipiga kwenye mfupa kinameguka vipande. Mtazame muuza madafu: panga lake ni la chuma kisicho kigumu sana, ukingo wake mnene, na linapiga makumi ya madafu kwa siku bila kupasuka. Mpe kisu cha Kijapani, hakifiki adhuhuri.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Ndani ya chuma mna chembe ngumu ziitwazo kabaidi. Fikiria kona ya ukuta wa zege: ukichanganya mchanga laini, kona inatoka kali, ukitia kokoto kubwa, kokoto zinachomoka na kona inabaki na mapengo. Chuma kiitwacho D2, chenye kaboni ya kama asilimia 1.5 na kromiamu (metali inayozuia kutu) asilimia 12, kina kokoto hizo kubwa. Kinadumu na makali ya kufanyia kazi kwa muda mrefu, ila kukipa ukingo mwembamba sana usiovunjika ni shida. Kwa hiyo ndiyo, mwisho kabisa wa wembamba, aina ya chuma inaonekana. Ila visu vingi vya nyumbani havijawahi kufikishwa karibu na mwisho huo.

"Chuma kisichoshika kutu hakinoleki"

Nenda kwa kinyozi yeyote. Wembe anaotumia kwa kawaida ni wa chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu ya kama asilimia 13 na kabaidi ndogo sana.

Dhana hii imetokana na mawe tuliyonayo. Wengi tunanolea kizingiti cha saruji au jiwe la mchanga, na kabaidi za kromiamu ni ngumu kuliko chembe za mchanga. Jiwe linakwangua taratibu mno, mtu anachoka, analaumu kisu. Tafuta jiwe la aluminiamu oksaidi, lipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. (Na jina lisikudanganye: kwa chumvi ya bahari yetu hata chuma hicho huota vidoa vya kutu. Kioshe, kikaushe.)

"Cheche nyingi, makali mengi"

Hii ndiyo inayoniuma. Miaka ya nyuma nilishikilia kisu cha marehemu mama yangu kwenye gurudumu la mota mpaka ukingo ukageuka buluu. Buluu ile maana yake chuma kimefika joto la kama nyuzi 300, na visu vingi vya jikoni hulainishwa kiwandani kwa kama nyuzi 200 tu baada ya kutiwa matiko. Ukipita hapo, ugumu unaondoka. Kilikata vizuri siku ile. Kesho yake kikawa butu, na kila nilipokinoa kikarudi vilevile. Ukimpelekea mnoaji wa mota, mwombe achovye kisu majini kila mara, na usione haya kusimama pale kuangalia rangi.

Cha yule dada nilikinoa kwa jiwe na maji, nyuzi 15, dakika ishirini hivi. Jumamosi iliyofuata alirudi sokoni, akamkata nguru wake mwenyewe, minofu ikatoka myembamba hata unaona kidole upande wa pili. Alipofika kichwani nikamzuia. Kile akamwachia mzee na springi yake.